Kiitikio Nilichokitoa Ndani

Admin, jina langu lifiche na picha yangu usiiguse kabisa, maana hapa Masuguru watu wanajuana mpaka kwa kandambili. Nina miaka arobaini na tatu, nina mume na binti mmoja, ni fundi cherehani. Hayo ndiyo watu wanayoyajua.

Wasichojua ni kwamba yule msichana wa kwanza kuchana kwa Kizigua, ambaye vijana wanamtafuta mitandaoni wakimwita mama wa rapu ya Handeni, ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nyumbani Mkata waliamini niko Tanga najifunza kushona, na kweli nilijifunza, ila jioni nilikuwa studio. Nikajipa jina la kisanii, nikakaza sauti, sura sikuonyesha. Wimbo ukapigwa redioni, ukapigwa kwenye mabasi, jamani, hadi wauza mahindi wa stendi waliukariri! Nilijiona nimefika.

Kosa langu ni kiitikio. Nilikikosa, nikachukua maneno niliyofundishwa nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Mliochezwa mnaelewa: ya ndani hayatoki, hata mumeo humwambii. Na maneno yale hakuwa nayo kungwi mwingine yeyote isipokuwa shangazi yangu, aliyenifunda mimi na wasichana wengi pale kijijini.

Wanawake wakubwa wakamkalisha chini. "Umeuza mambo yetu redioni!" Shangazi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wakamvua ukungwi, na hajaitwa tena kwa mwali yeyote. Siku hiyo nilikuwa nimerudi Mkata, nipo palepale uani, nimebeba sinia la chai. Nikawamiminia mmoja mmoja, nikanyamaza. Mwezi uleule niliacha muziki. Nyimbo zangu zote ni nne tu.

Shangazi hakujaliwa mtoto. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, anakaa kwangu na namwogesha mimi. Kila nikimkanda mgongo husema, "Mwanangu, wewe peke yako hukunigeuka." Wallahi, nami huendelea kumkanda.

Jumatano binti yangu kaukuta ule wimbo kwenye simu, akaupiga sebuleni kwa sauti. Shangazi alikuwa mkekani. Nilijichoma sindano kidoleni. Nikapiga kelele, "Zima hiyo!"

"Mwache," Shangazi akasema. Akausikiliza mpaka mwisho, akaomba urudiwe. Nadhani ameitambua sauti yangu.

Tangu hapo hataki nimwogeshe, anamwita binti yangu. Lile neno "Mwanangu" haniiti tena. Jana akamwomba mume wangu, ambaye hajui lolote, ampeleke Mkata Jumapili. Amewatumia salamu wale wanawake waliobaki wakutane uani kwao. Naogopa, ndugu zangu. Naogopa ndoa yangu, naogopa macho ya wale wakubwa, na zaidi naogopa huyu bibi afe bila kunipa radhi.

Asubuhi nimejikaza nikamuuliza, "Shikamoo shangazi, Jumapili kuna nini?"

"Marahaba. Kuna mazungumzo tu. Na wewe uje. Chai utabeba wewe, kama siku ile."

Leo ni Ijumaa. Nimwangukie miguuni usiku wa leo, tukiwa wawili, au nikaseme kwa mdomo wangu mbele ya walewale waliomvua? Nitukaneni mtakavyo, nimestahili, ila mniambie nishike lipi, maana safari hii nikinyamaza tena sijui kama Mungu atanielewa.