Chenso ya Mwanangu Ina Bima, Majirani Wana Msiba

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana huku kwetu tunajuana mpaka kwa kikohozi. Wakubwa zangu shikamooni, wanangu hamjambo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, shule niliishia darasa la nne, nikikosea kuandika mnivumilie. Naishi upande wa Endasak, Hanang, na tegemeo langu ni kijana wangu mkubwa.

Kazi yake ni miti. Anapanda juu na kamba, anapunguza matawi yaliyoegemea mapaa ya shule, zahanati na nyumba za watu, huku Hanang na kule Mbulu. Ana chenso mbili, ile misumeno ya mashine, na mikanda ya kupandia na kofia ngumu. Vyote anabeba kwenye pikipiki, na kwa kuogopa wezi akavikatia bima. Yule dada wa bima alifika mpaka nyumbani akatueleza: vikiibiwa nyumbani, njiani au kazini, watalipa, ila asimwazime mtu mwingine. Nikamuuliza, hata jirani? Akacheka, akasema, "Mama, bima haijui jirani." Na mimi nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Mwezi uliopita kijana akaenda kazini Endagikot, kule Mbulu, na ile chenso ndogo, kubwa akaniachia chumbani kwangu. Kesho yake baba wa nyumba ya jirani akafariki. Kwetu msiba ukitokea kila nyumba inatoa kitu, na wanaume wanapasua kuni za kupikia watu. Mvua ilikuwa imenyesha sana, kuni zote zimelowa, likabaki gogo moja kubwa la mkaratusi. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja na vijana wawili, wamesimama mlangoni wanatabasamu kabisa, kwamba wamefuata mashine, chai watakunywa siku nyingine.

Nikampigia kijana. Akaniambia, "Mama, ukiitoa mimi sipo, ikipotea au ikiharibika ndiyo basi. Na mtu akijikata mguu je?" Nikarudi mlangoni nikawaambia mwenyewe amekataa. Balozi hakugomba. Alisema tu sawa mama, wakaondoka, na asubuhi yote nikawa nasikia mashoka. Jamani, yale mashoka yalikuwa yananipiga mimi. Watu hao hao, mume wangu alipofariki, walinichanjia kuni mpaka zikabaki.

Nikajikaza, nikabeba mahindi na maharage nikaenda msibani. Nilipochuchumaa jikoni nichochee moto, dada wa marehemu akanishika mkono taratibu: "Kaa pembeni tu, mama. Kuni hizi ni za shoka, zitakuchafua." Wanawake wengine wakainamia masufuria. Nikakaa pembeni mpaka tunazika.

Kijana aliporudi nikamweleza. Akabeba chenso akaenda kwa mjane wa marehemu kumpasulia kuni bure. Akajibiwa, asante mwanangu, tumeshamaliza. Tangu hapo salamu zipo lakini za haraka haraka, mtu anaitika huku anatembea. Kijana anasema akiwepo atapasua kuni msiba wowote bila malipo, ila kuazima hapana. Namwelewa, chenso hiyo ndiyo chakula chetu. Lakini yeye hakai nyumbani. Ninayekaa ni mimi.

Sasa mzee wa nyumba ya chini anaumwa sana, na kijana anaondoka tena wiki ijayo. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani natoka nje kuangalia kama imeleta habari ya msiba. Ugali naunguza. Nikipalilia, macho yako njiani. Namwombea mzee apone, na Mungu anisamehe, maana siombi kwa ajili yake tu. Kijana anataka vifaa avihamishie Katesh kwenye chumba cha kupanga, lakini si ndiyo wataona nimewaficha?

Ndugu zangu, mnishauri. Balozi akisimama tena mlangoni kwangu, nimpe au nimnyime? Nikimpa, nitamtazamaje mwanangu? Na nikimnyima, siku yangu mimi atakuja nani?