Vyuo Viwili Vilivyomposa Yumna

Shangazi yangu Mwatime anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Garland, karibu na Dallas, na sijawahi kumsikia akimwambia mtu "hapana" usoni. Wenzake kazini wamelijua hilo, ndiyo maana kila Jumapili yuko kwenye zamu ya mtu mwingine. Yeye alilelewa Kisauni hivi: mtu akija na ombi unamkaribisha, unamlisha, unamridhisha, halafu ukitaka kukataa unatuma mtu baadaye akaseme. Amekuja na adabu hiyo mpaka Texas na mambo yamekwenda. Yameharibika mwaka huu wa 2003, binti yake Yumna alipokubaliwa na vyuo viwili.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Shule niliionja kidogo tu, lakini nalala chumba kimoja na Yumna, kwa hiyo habari za vyuo hivi nimelishwa asubuhi na jioni. Kimoja kinaitwa Ashby, kiko kaskazini. Kingine ni Lorne, kiko upande wa Houston. Vyote ni vyuo vidogo vya kusoma kila kitu: historia kidogo, nyota kidogo, falsafa kidogo, mpaka mtoto ajijue anataka nini. Vyote vimempa msaada uleule wa masomo. Ukizichanganya picha zao mezani huwezi kuzitenga tena. Matofali mekundu, mnara wa kengele, msichana kakaa kwenye nyasi anacheka na kitabu. Sijui ni kitabu gani hicho kinachochekesha hivyo.

Yumna alitakiwa ajibu kabla Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne haijaisha. Asipojibu, nafasi zote mbili zinapewa wengine.

"Si uchague tu," nikamwambia.

"Nichagueje? Ni kitu kimoja!"

Shangazi akadakia kutoka jikoni, "Huchagui wewe. Mtoto wa watu hatolewi bila kupelelezewa."

Basi tukaenda kupeleleza. Tulianza na Ashby, sinia la visheti nimelipakata mimi. Maktaba Shangazi hakutaka hata kuiona. Alitaka kuona vyoo, kisha jikoni, akamwuliza mpishi kama wakubwa wa pale wana maneno makali. Kijana aliyekuwa akitutembeza akasema kwa fahari kwamba darasa lao halizidi watu kumi na watano.

"Na wasichana wanaosoma hapa," Shangazi akamwuliza, "baadaye wanaolewa?"

Yumna akajifunika uso kwa ramani.

Wiki iliyofuata tukaenda Lorne. Ami Hemed, mdogo wake baba Yumna, anayeuza magari yaliyotumika huko Houston, alitusubiri getini na koti lake la harusi. Yeye ndiye mshenga wa Waswahili wote wa Houston, akitumwa kuposa anaposa, akitumwa kukataa anakataa. Tukaingia. Matofali mekundu. Kengele. Kijana mwingine, wimbo uleule, darasa halizidi watu kumi na watano. Hata kindi aliyekuwa juu ya mti nilimshuku ni yule wa Ashby, katangulia kwa basi.

Kote kuwili tulimalizia ofisini kwa mama anayepokea wanafunzi wapya. Kote kuwili yule mama alionja visheti, akafurahi, akauliza kama Yumna atakuja. Na kote kuwili Shangazi akajibu, "Atakuja. Kwa nini asije?"

Tukiwa kwenye gari Yumna akapasuka. "Mama, umewaambia wote ndiyo!"

"Ulitaka nimwambie nini, nami nimekaa ndani kwake?"

"Ukweli!"

"Ukweli unatumwa baadaye."

Nilikuwa kiti cha nyuma. Nikala visheti vilivyobaki mpaka Dallas.

Jumatano ya wiki ya mwisho, baada ya vyuo vyote viwili kupiga simu kumpongeza, Yumna alirudi kutoka shule akatupa mkoba sakafuni. "Lorne. Nimechagua Lorne. Yaishe."

"Kwa nini Lorne?"

"Hakuna kwa nini, Mama. Nimechoka."

"Haya. Lakini usiwajibu bado. Huwezi kumkubali mmoja na mwenzake bado kakaa barazani. Kwanza Ashby wakataliwe, na si wewe. Tangu lini msichana akajikatalia mwenyewe? Hemed atawapigia."

Alhamisi jioni nilikuwa namenya viazi. Simu ikalia, Shangazi akabonyeza spika. Ami Hemed sauti yake ilijaa jikoni kama ametoka kushinda kesi.

"Shemeji, kazi imekwisha! Nimewakatalia kwa heshima zote, hata hawakuumia."

"Mashallah. Umewaambiaje?"

"Vile vile ninavyowaambia watu siku zote. Kwamba binti bado mdogo, anasoma, wasubiri kidogo."

Kisu kikanisimama mkononi.

"Ami," Yumna akasema polepole, "hicho ni chuo."

"Naam."

"Umewaambia siwezi kwenda kusoma kwa sababu nasoma?"

"Na wakaelewa! Yule mama ana adabu, wallahi. Kasema hakuna haraka, watakuwekea nafasi mpaka mwakani."

Shangazi akanigeukia, uso umemchangamka. "Unaona watu wastaarabu? Labda hawa tungewafikiria tena."

Yumna alitoka nje, akafunga mlango kwa nguvu mpaka picha ya Makka ikapinda ukutani. Nikaenda kuinyoosha. Mtu alipaswa kufanya jambo la maana katika nyumba ile.

Ijumaa Yumna alirudi nyumbani mapema. Hakusalimia. Alichukua simu ya jikoni, akapiga Ashby. Shangazi alipoelewa kinachotendeka alijifunika leso masikioni, akasimama mlangoni mgongo umetugeukia.

"Naitwa Yumna Aboud," akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Siji Ashby, mwaka huu wala mwakani. Nimechagua kwingine. Asante sana." Akasikiliza kidogo, akashukuru tena, akakata. Papo hapo akapiga Lorne, akawaambia anakuja. Maji ya chai niliyobandika yalikuwa hayajachemka.

Shangazi akaishusha leso. "Ashby kasemaje?"

"Kasema asante kwa kuwaarifu, na ananitakia heri."

"Halafu?"

"Basi."

"Hakubembeleza?"

"Hapana."

"Hata kuuliza tumeona kosa gani kwao?"

"Hapana, Mama."

Shangazi akavuta kiti, akakaa.

"Hawakukutaka hao tangu mwanzo," akasema. "Alhamdulillah tumewajua mapema. Lorne wangeuliza."

Yumna akalaza kichwa mezani, katikati ya vikombe.