Maembe Niliyoyahamishia Mwambani

Tulipokuwa Masumbwe, binti yetu alikuwa haoni jua likishazama. Alijigonga kwenye nguzo za nyumba. Mama yangu akakata maembe vipande vyembamba, akavianika darini, kivulini, apate unga wa kumtilia kwenye uji.

“Mama, juani vitakauka upesi,” nilisema.

“Jua litakula rangi yake, na dawa ya macho imo rangini humo, msomi wangu.”

Alipokwenda shamba nikavihamishia mwambani. Vilipauka, na unga wake haukumsaidia mtoto. Mama hakunigombeza, alianza upya kwa maembe ya mwisho ya msimu.

Unga wa pili ulikuwa wa rangi ya chungwa. Wiki chache baadaye, giza likiingia, binti yetu aliokota kifungo cha shati langu vumbini, akaniletea. Hadi leo naustaajabia unga ule, nikikumbuka siku za giza nilizomwongezea mwanangu.