Mfupa Aliousubiri Shangazi

Nilihitimu shule ya usiku baada ya kusinzia juu ya madawati yote ya Tanga, nikapata kazi kwenye maabara inayotengeneza viunzi vya mfupa. Kiunzi ni kipande chenye vitundu kama sifongo. Chembe hai hupandwa humo ili zijenge mfupa mpya. Vyetu tulivichonga kwenye mifupa myeupe ya ngisi, na mifupa hiyo aliniokotea shangazi yangu ufukweni Kigombe, magunia ya kujaza meli.

Kisha kidonda cha kisukari kikamla mguu mpaka mfupani. Daktari akasema ukatwe, la sivyo utamuua. Shangazi akakataa. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mfupa wangu umeshaiva?"

"Bado. Hata panya hajawekewa."

"Niwekeeni mimi. Huyo panya ana haraka gani?"

Nilicheka, halafu nikamwambia ukweli: chembe zetu zilikuwa zinafia kwenye vibakuli, na yeye hakuwa na muda wa kuzingoja. Akageukia ukutani. Kesho yake akakubali.

Hospitali ilitukabidhi mguu tukauzike, kama ilivyo kwetu. Mimi, mbeba magunia mawili kwa mkono mmoja, mzigo ule ulinikalisha chini njiani. Tulipomaliza nikarudi wodini.

"Mmeuosha?" akauliza.

"Tumeuosha, shangazi."

"Na pale kwenye kidonda, mlipita taratibu?"

"Taratibu sana."

"Haya. Maana palikuwa panauma."