Nilifundisha watoto kwa Kiswahili Johannesburg, miezi bila kujibiwa

Wakuu, salaam. Humu huwa nasoma tu, kuandika kwangu ni kwa taratibu, nimeishia la saba. Ila hili lilinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

2017 nilikuwa Berea, mtaa wa hapo Johannesburg. Nimetoka Tanga, Kiingereza sina, Kizulu sina.

Nilipanga chumba na walinzi wawili. Nikirudi kibaruani, wao wanaingia kazini. Wiki ilipita sijaongea na mtu.

Siku moja Mama Neema, msusi Mkongo wa jengo letu, akanisimamisha.

"Weye haujue Kiingereza?"

"Sijui, dada."

"Basi ni weye tunatafuta!"

Watoto wa Wakongo wa jengo lile wamezaliwa huku. Bibi yake Neema akipiga simu kutoka Bukavu, mtoto anakimbia, Kiswahili hakimtoki. Kwa hiyo wakina mama walianzisha chekechea sebuleni kwake, mwalimu mimi. Sheria moja: mimi ni Kiswahili tu, mtoto ajibu anavyojibu.

Nikawa nasema. Naweni mikono. Kaeni chini. Wanafanya.

"Uncle, I'm hungry."

"Una njaa? Haya, sema nina njaa."

Ananinyooshea kikombe tu.

Wanaelewa kila kitu, ila neno hawanipi. Miezi ikapita. Nikawa kama redio iliyosahaulika imewashwa.

Upweke wa chumba nilishauzoea, wakuu. Huu wa kusema kutwa nzima usijibiwe ndio ulinimaliza. Alhamisi nikamwambia Mama Neema, kesho nina neno na wewe. Nilitaka kuacha.

Ijumaa nikaamka na mafua, sauti imekauka kabisa. Uji umefika, nafungua mdomo, hakuna kitu. Watoto wananitazama.

Neema, miaka minne, akasimama mikono kiunoni kama mimi.

"Haya haya jamani, naweni mikono! We Junior, usimsukume mwenzio, mwanangu!"

Lafudhi ya Tanga kabisa!

Junior akaja juu: "Sisukumi mimi! Yeye ndo ananisukuma!"

Kisha Neema akaniletea kikombe cha uji. "Pole mjomba. Kunywa polepole, wa moto huo."

Maneno yangu yote hayo. Niligeukia dirishani kidogo.

Jioni Mama Neema akauliza, "Ulikuwa na neno gani?" Nikaanza kupanga vikombe vya Jumatatu.

Jumapili bibi akapiga. Neema hakukimbia. Alishika simu akauliza, "Bibi, umenawa mikono?"

Nilichojifunza: mtoto akinyamaza, usidhani hajasikia. Anaweka akiba.

Nyie mlio ugenini na watoto, nyumbani mnaongea lugha gani? Nijibuni, hata neno moja.