Mwaka Uliofungwa Ndani ya Hati ya Hagiru

Huyo Taimu msinitajie kabisa. Dada yake, Hagiru, ni jirani yangu hapa Mahoza. Ndiye aliyemuuguza baba yao mpaka mikono ikamchubuka, na mzee akaamua kumpa shamba la mitende kwa hati. Hagiru hajui kusoma, kwa hiyo mwandishi aliletwa na Taimu.

Kwetu hati huandikwa mara mbili kwenye karatasi moja. Ya juu hukunjwa ikafungwa kwa kamba, mashahidi wakatia majina penye mafundo. Ya chini huachwa wazi isomwe. Watu wakigombana, hakimu hukata kamba, na ya ndani ndiyo neno.

"Mbona mwandishi anataja mwaka mara tatu?" Hagiru aliuliza hati ikiandikwa.

"Mwaka ni huohuo, dada," Taimu akacheka. "Waroma wanauita kwa majina ya mabwana wao wawili wa mwaka, halafu kuna miaka ya Kaisari, halafu miaka ya jimbo letu. Wewe mwenyewe una majina mangapi?"

Tukacheka sote. Wajinga sisi!

Mzee akafa mwaka haujaisha. Hata matanga hatujaanua, Taimu akadai shamba. Hagiru hakutishika. Mbele ya hakimu alisema kwa sauti, "Kata kamba! Isomwe ya ndani!"

Ikasomwa. Kaisari, mwaka wa kumi na tatu. Jimbo, wa ishirini na tatu. Jamani, mwaka ambao siku hati ilipoandikwa ulikuwa haujafika! Majina ya wale mabwana wawili tu ndiyo yalikuwa ya mwaka wenyewe wa kuandika, maana wa mwaka ujao hakuna aliyewajua bado, hata yule mwandishi mwizi.

"Miaka miwili kwenye hati moja," hakimu akasema. "Hati inayojipinga si hati. Shamba ni la mtoto wa kiume."

"Si unaona wameichezea?" nikaropoka.

"Naona. Aliyeichezea simwoni."

Nje, Taimu akatufuata. "Msimu wa kuchuma njoo tu, dada, sikufukuzi." Mshenzi!

Hagiru alikuwa akihesabu kwa vidole. "Uliandikisha kwamba baba ametoa shamba mwaka unaofuata," akasema polepole. "Ulitaka wakati huo awe ameshakufa, maana maiti hatoi shamba."

Taimu akageuka aende zake.

"Kumbe kila asubuhi ulipokuja kuniuliza baba ameamkaje, ulikuwa unaona anachelewa. Na mimi, kaka, nilikuwa nakuombea dua, nikisema baba ana mtoto anayempenda."