Mlinzi wa Getini Amenishinda Kazi

Leo nimeaibishwa mbele ya wanafunzi wenzangu, na sina pa kujitetea.

Nasomea PhD ya saikolojia tiba, nipo mazoezini hospitalini hapa Singida.

Asubuhi akaingia bibi kutoka Ilongero. Shikamoo ya haraka haraka, nikashika fomu.

Unalala? "Vizuri."
Nyumbani? "Wazima."

Nikaandika: hana tatizo. (Na nikajisifu!)

Msimamizi wangu akasoma, akacheka. Akamwita mlinzi wa getini.

"Yule bibi ana nini?"
"Amezika mjukuu Jumapili, daktari. Hali chakula, halali usiku."
"Umejuaje?"
"Nilimsalimia, akasema wazima. Nikasubiri. Ndipo akasema, ila..."

Jamani, mimi nimekulia Sepuka, humu humu Singida! Kwetu nani asiyejua kwamba msiba hutajwa baada ya "wazima"?

Msimamizi akanigeukia. "Mwenzio kaishia darasa la saba. Wewe umesoma miaka mingapi vile?"

Wenzangu wakacheka. Nanyi chekeni tu, nawaona.

Nikamkimbilia bibi nje, nikamwomba radhi, nikamsihi turudi ndani tuongee.

"Usijali, mjukuu wangu," akasema. "Nimeshaongea na daktari."

Akanyoosha kidole getini.